Hina Iliyomngoja Mjomba

Juzi mjukuu wangu aliniletea hina ya pakiti, ile ya unga mweusi inayokauka hata hujamaliza kusalimiana na watu, akanishika mkono anipake. Nikainusa kwanza. Nikamwambia hiyo si hina, ni rangi ya viatu. Akacheka, akasema, "Bibi, weye kila kitu cha sasa hakikufai." Ni kweli, vingi havinifai, wala sioni haya kusema. Lakini siku ile sikukasirishwa na pakiti. Pua yangu ilikuwa imekwisha kujiandaa kupokea harufu nyingine, ya majani mabichi yaliyotwangwa kinuni na kukamuliwa ndimu, na ilipoikosa nikajikuta niko mdogo, nimekaa barazani kwa bibi yangu kule Kasongo, mikono nimeikalia, nikingoja kuitwa.

Nyinyi wa rika langu mnaijua Kasongo ya wakati wa Wabelgiji. Barabara zilifagiliwa kwa amri, pamba ililimwa kwa amri, na mtu wa kijijini hakutoka kijijini kwake mpaka chifu amkubalie. Baba yangu alikuwa Mwungwana wa hapo mjini, mtoto wa nyumba ya Kiislamu tangu babu wa babu. Mama yangu alikuwa Mbangubangu wa Lusangi, aliyebatizwa misheni. Walioana kwa ubishi wa pande zote mbili, wakaishi Lusangi kwa amani kuliko wale waliowabishia. Kisha homa ikamshika mama, na haikumwachia.

Baba alinileta Kasongo juu ya baiskeli, nimekalia gunia la mchele nyuma yake, miguu ikining'inia. Yeye alikuwa na kazi kule Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, na huko hapakuwa mahali pa kulelea mtoto wa kike. Akanikabidhi kwa mama yake, Bibi Mwamini, akanywa maji, akaondoka. Ninamwona mpaka leo anavyosukuma baiskeli kupanda kilima cha kutoka mjini bila kugeuka nyuma. Sasa ninajua kwa nini hakugeuka. Wakati ule nilidhani amenisahau kabla hajafika juu.

Nyumbani kwa Bibi kulikuwa na shangazi yangu na binti zake watatu. Mkubwa wao, Zuhura, alikuwa ananizidi kidogo tu, lakini alikuwa na ulimi wa mtu mzima. Hao watatu waliniita Mulusangi. Hawakuwa na ubaya, watoto wana desturi ya kumwita mtu kwa alikotoka, ila miye kila nilipoitwa hivyo nilikumbuka kwamba nina mahali nilikotoka, na mtu mwenye mahali alikotoka anaweza kurudishwa.

Nyumba ya Bibi ilikwenda kwa desturi. Kila alhamisi alasiri wasichana walikaa mkekani mmoja mbele ya mwingine, shangazi akawafumua nywele, Bibi akazipaka mafuta ya mawese yaliyosafishwa, akazisuka upya kwa ajili ya ijumaa. Ijumaa, baada ya sala, tulikula wali kwenye sinia moja kubwa, na kila mtoto alikuwa na upande wake. Ukivuka upande wako ukaingia kwa mwenzio, Bibi alikupiga vidole kwa mwiko, si kwa kuumiza, kwa kukumbusha tu. Nyama aliigawa yeye mwenyewe mwishoni, na shingo ya kuku ilikuwa ya aliyetumwa mara nyingi wiki ile.

Upande wa sinia nilipewa, hilo siwezi kulidhulumu. Lakini alhamisi ilipofika, mimi sikuitwa mkekani. Wiki ya kwanza nikadhani nimesahauliwa. Wiki ya pili nikajisogeza karibu, nikakaa nyuma ya Zuhura kama wa nne. Bibi alipommaliza Zuhura alinitazama, mkono wake ukainuka kuelekea kichwa changu, kisha ukarudi mapajani mwake. Akasema, "Weye nenda ukacheze, mama." Nikaenda. Sikucheza. Nywele zangu zikazidi kuota bila mafuta wala kichana, zikawa kichaka, na kila nilipojishika kichwa nilijiona mchafu.

Tena sikupewa kazi. Zuhura na wadogo zake walichota maji, walipeta mchele, walitumwa dukani kununua chumvi. Nikishika ndoo, shangazi alininyang'anya kwa upole. Mnajua ile methali, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama alikuwa akiisema kwa kicheko kila ndugu wa baba walipokuja Lusangi. Basi miye nilikuwa nikihesabu kwa akili ya mtoto: ya tatu imepita, wiki imepita, mwezi umepita, na jembe silioni. Maana yake kwa hesabu yangu ilikuwa moja tu, kwamba bado ni mgeni, na mgeni huwa anakwenda kwao.

Mfungo wa Ramadhani ukaingia. Siku moja alikuja mwuza chumvi mmoja, mtu wa baiskeli, aliyekuwa akipita Lusangi kwenda Kabambare. Bibi alimpa maji ya kuoga na kumuaga pale mlangoni, na miye nilikuwa nyuma ya mlango nikiwachezea mchwa.

"Ukipita Lusangi," Bibi akamwambia, "umutafute Anzelemi, mujomba wa huyu mutoto. Umuambie akuye mbele ya Idi. Mutoto iko anamungojea yeye. Miye siwezi kumugusa mpaka akuye."

Yule mtu akaitikia, akapanda baiskeli. Nami nikabaki na mchwa wangu. Siwezi kumgusa. Sasa nikaelewa ule mkono ulioinuka ukarudi. Bibi alikuwa akinionea kinyaa, ila kwa adabu yake hakusema, na mjomba ameitwa aje anichukue. Nilikuwa ninampenda Mjomba Anzelemi, kaka wa mama, aliyenichongea sanamu za ndege kwa miti. Lakini nyumbani kwao mama hakuwepo tena, na wa kunipokea mlangoni hakuwepo tena. Nilitaka kukaa na Bibi. Nilitaka sana, kwa namna ambayo mtoto hutaka.

Fundi wa cherehani akaja, akatupima wote wanne kwa kitambaa kimoja, chekundu chenye maua meupe. Hata mimi nilipimwa. Nikafurahi kwa siku moja nzima. Kisha nikajiambia kwamba yule fundi alipima tu kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale, na kwamba nguo ya nne atavaa mtoto atakayekuja baada yangu.

Siku ya mwisho ya mfungo, alasiri, hina ilitwangwa. Nyuma ya jiko palikuwa na mhina mmoja mkubwa, na Bibi ndiye aliyekuwa fundi wa hina mtaa mzima. Majani yalitwangwa mpaka yakawa kama sombe, yale majani ya muhogo ya kupika, akakamua ndimu, akayaacha yachachuke kidogo, na harufu ile ikajaa uani. Wasichana wakakaa kwa umri wao, viganja wazi. Bibi alimwekea kila mmoja donge katikati ya kiganja, akakandamiza, akafunika ncha za vidole kimoja kimoja, kisha akafunga mkono mzima kwa jani la mgomba lililopashwa moto. Aliyefungwa hawezi kujikuna wala kula mwenyewe, ndiyo raha yake. Shangazi aliwalisha futari kama makinda, wakicheka.

Nami nilikuwa barazani, mikono nimeikalia, ikiwa tayari nimeiosha kwa majivu ili iwe safi akiniita. Bibi akakomba kinu. Lilibaki donge la kutosha mtoto mmoja. Akalifunga kwenye jani, akaingia nalo ndani. Sikuitwa.

Asubuhi ya Idi, wenzangu walitoka na mikono myekundu na nguo za maua meupe, wameng'aa. Mimi niliogeshwa vizuri, nikavaa gauni langu la Lusangi, lililofuliwa na kupigwa pasi ya mkaa. Desturi ilikuwa watoto wapite nyumba kwa nyumba kutoa mkono wa Idi, na kila nyumba iwape vitumbua au kipande cha mkate wa mchele. Nilikataa kwenda. Nilisema mguu unauma. Bibi hakunilazimisha, akaniweka karibu naye mkekani, na wageni wakaja wakaondoka. Mwanamke mmoja, jirani mwenye duka, alimwambia, "Bibi Mwamini, leo fundi wa hina amejisahau mwenyewe?" Bibi akajibu tu, "Kazi ilikuwa mingi." Sikuliweka neno hilo akilini. Nilikuwa ninaangalia mlango, mjomba asije.

Hakuja. Zuhura aliporudi alinimegea kitumbua chake kikubwa, akakaa kando yangu kimya, jambo ambalo kwake lilikuwa zito kuliko kufunga mwezi mzima. Kisha akashindwa. "Mulusangi," akasema, "ulifanya ubaya gani?" Nami nikamjibu kwamba sijui, na hapo ndipo nilipolia.

Baada ya Idi nikapata shauri langu. Mgeni huwa hafanyi kazi, basi miye nitafanya kazi mpaka wasahau kwamba ni mgeni. Niliamka kabla ya wengine nikafagia uwanja. Nilichukua ndoo kwa wizi nikaenda mtoni. Nilipeta mchele, nikachambua mawe, nikaosha masufuria mpaka matako yake yakang'aa, na sufuria la kuni, mtu yeyote aliyewahi kuliosha anajua maana yake. Kwenye sinia nilikula upande wangu kidogo kidogo, nikibakisha. Nilidhani wakiona siwamalizii chakula hawatakuwa na sababu ya kunirudisha.

Bibi akaingiwa na wasiwasi. Akanishika paji la uso, akamwita shangazi. "Mutoto huyu iko mugonjwa," akasema. "Anaosha sufuria bila kuambiwa." Nikanyweshwa mwarobaini, kikombe kizima, nikaunywa bila kukunja uso ili nisiwe msumbufu. Hilo likawatisha zaidi.

Mjomba Anzelemi alifika asubuhi moja ya siku ya kawaida, Idi ikiwa imesahaulika, nguo za maua zimekwisha kufuliwa. Nilimwona kwa mbali, anakokota baiskeli iliyopasuka tairi, kuku mweupe amefungwa miguu juu ya usukani. Nikaingia mbio kwenye chumba cha mchele, nikajibana nyuma ya magunia. Nilisikia salamu ndefu, nikasikia maji yakimiminwa, nikamsikia akieleza kwamba hakuruhusiwa kutoka kijijini mpaka pamba yake ipimwe, na kwamba aliomba mara nyingi mpaka askari wa chifu akatishia kumpiga. Kisha Bibi akasema, "Basi tumuite mutoto."

Zuhura ndiye aliyenipata. Alinivuta mguu mmoja, nikatoka na vumbi la pumba kichwani, nikamponyoka, nikakimbilia nguzo ya baraza nikaikumbatia. Na maneno yote niliyoyafungia tangu siku ya mwuza chumvi yakamwagika. Nikamwambia Bibi asinirudishe. Nikamwambia nitachota maji kila siku, nitalala chini, nguo mpya sitaki, hina sitaki, nywele nitajinyoa mwenyewe kama zinamtia kinyaa, ila asinipe Mjomba.

Mjomba aliniangalia, akamwangalia Bibi. Akasema taratibu, "Mama, nani amemuambia huyu mutoto kama nimekuya kumuchukua?"

"Hakuna mutu," Bibi akasema. Akakaa chini pale pale sakafuni, bila mkeka, na miguu yake mibovu. "Kuya hapa, mama. Kinyaa ya nini? Nani ana kinyaa na weye?"

"Weye," nikasema. "Ulisema huwezi kunigusa."

Bibi akafumba macho. Alipoyafumbua hakuniangalia mimi, alimwangalia Mjomba, kama mtu anayeomba msaada wa njia. Ndipo Mjomba akachuchumaa mbele yangu, akanieleza. Kwao, kwa watu wa mama, mama akifa mtoto wake anakuwa amevaa msiba kichwani. Nywele zile ni za msiba. Hazipakwi mafuta, hazisukwi, na mtoto hapambwi kwa kitu chochote, wala hatumwi kazi, mpaka siku za msiba zitimie, kaka wa mama aje na wembe wake azinyoe na kumwosha mtoni; nami baba alinichukua kabla hazijatimia. Wa kuosha ni mjomba peke yake, kwa sababu mjomba ni mama mwenye ndevu. Mtu mwingine akitangulia, ni kama amemwambia marehemu kwamba hana ndugu.

"Nimekuya kuosha," akasema. "Sikukuya kuchukua."

"Nilizani unajua," Bibi akasema. "Ni desturi ya kwenu, si ya kwetu. Nilijiambia, mutoto wa Lusangi anaijua tangu tumboni. Miye mutu wa Kasongo ningemufundisha nini?"

Kisha akanieleza jambo ambalo shangazi mwenyewe alikuwa halijui. Mama yangu alipokuwa bibi arusi mpya nyumbani mule, kabla hawajahamia Lusangi, mama yake mzazi alifariki kule Lusangi, na Idi ikaingia kabla mjomba wake hajafika kumwosha. Mama akaomba asipakwe hina. Bibi akaona ni dharau, mke wa Kikristo anakataa Idi ya watu. "Nilimushika mikono, nikamupaka kwa nguvu," akasema. "Hakunitukana. Alikaa, machozi inatoka, mikono wazi, mpaka nikamaliza. Miezi mingi kisha ndiyo baba yako akaniambia sababu. Nikaenda kumuomba musamaha, akacheka, akasema, Mama, hina yako ilikoza vizuri. Mama yako alikuwa na roho mingi. Basi hii mara nikasema, hata Idi ipite, hata watu waseme, mutoto wake nitamungojea."

Nikaiachia nguzo. Sikumbuki nilitembeaje, ila nilijikuta mapajani mwake, na mikono yake yote miwili iko kwenye kile kichaka changu, inakishikashika kama kitu alichokikosa siku nyingi.

Tulikwenda mtoni, Mjomba, Bibi na miye. Mjomba alifanya ishara ya msalaba, Bibi akasema bismilahi, na wembe ukaanza kwa utulivu. Nywele ziliangukia maji zikaenda nayo. Alinimwagia maji kichwani kwa kibuyu, akisema maneno ya Kibangubangu ambayo mama alikuwa akiniambia aliponiogesha, na kwa mara ya kwanza tangu azikwe tulimtaja jina lake kwa sauti. Mjomba alilia. Bibi alilia. Mimi nilikuwa ninaona baridi tu, na kichwa changu kilikuwa chepesi mno.

Kuku mweupe akapikwa, shingo nikapewa mimi, na Zuhura hakubisha. Majani mapya yakachumwa, maana lile donge lililowekwa lilikuwa limekauka likawa jiwe, Zuhura akatwanga huku akinung'unika kwamba Mulusangi mmoja anasumbua kinu kama arusi. Mjomba akakamua ndimu kwa mikono yake iliyochanika kwa pamba, akiguna zikimchoma. Bibi akafungua kiganja changu, akaweka donge, akakandamiza. Baridi yake ilinipanda mpaka begani.

Alipokwisha kunifunga majani, akamgeukia shangazi, akanyoosha mikono yake mwenyewe. "Sasa yangu."

Nikamwuliza, "Bibi, Idi hukupaka?"

"Ungeona wapi," akasema. "Ulikuwa unaangalia mikono ya wenzako."

Nikaiangalia. Ilikuwa mikavu, haina hata alama ya rangi, mikono ya fundi wa hina wa mtaa mzima. Nikajua kwamba siku ile ya Idi nyumba nzima ilikuwa na mikono myekundu isipokuwa ya watu wawili, na hao wawili walikuwa wamekaa mkeka mmoja, bega kwa bega, tangu asubuhi.

Kesho yake gauni la maua meupe likatolewa sandukuni, limekunjwa vile vile lilivyotoka kwa fundi. Nikalivaa, kichwa kinang'aa, viganja vyekundu, na Bibi akanishika mkono tukapita nyumba kwa nyumba, Mjomba nyuma yetu amebeba sahani. Watu walituangalia wakashangaa. Yule jirani mwenye duka alisimama mlangoni kwake, mikono kiunoni.

"Bibi Mwamini," akasema, "Idi ilishapita. Hii iko ya nani?"

"Ya kwenu ndiyo ilipita," Bibi akamjibu, wala hakupunguza mwendo. "Ya huyu mutoto wangu ilikuwa njiani, inatoka Lusangi. Na weye unajua ile barabara."